Gunia la Mchele Lenye Miguu

Mwalimu wetu wa animesheni ana imani moja kubwa: mtu humjui mpaka umemwona akitembea. Sura inadanganya, anasema, maneno yanadanganya, na picha za kwenye simu ndiyo usiseme, lakini mwendo hauna chujio. Akishatamka hivyo huvuka darasa kutoka dirishani hadi ubaoni, akitembea kama mtu aliyekanyaga gundi, nasi tunaandika kwa heshima zote.

Muhula ule tulianza na mpira. Kila anayejifunza kuvipa vitu uhai kwenye kompyuta huanza na mpira unaodunda, kwa sababu ukishindwa mpira huna haja ya kujaribu binadamu. Unauchora ukianguka, unaubonyeza kidogo unapogusa chini, unaurefusha unapopanda, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yako yanaanza kuona mipira kwenye sahani ya ugali. Wangu ulikuwa unaelea. Mwalimu aliutazama ukielea, akaniuliza uzito wake uko wapi. Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi ana kwa ana huwa sina jibu la kitu chochote.

Baadaye akatupeleka ufukweni, karibu na soko la samaki, tukawatazame makorongo wakitembea. Mtu wa Mwanza amewaona makorongo tangu utotoni, wale ndege warefu wenye upara wanaosubiri utumbo wa samaki kwa subira ya watu waliokuja kwenye kikao, lakini hakuna aliyewahi kuambiwa awatazame kwa makini akiwa na kalamu. Tuligundua kwamba korongo hapendi kuchorwa. Mmoja alimfuata mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa na maandazi kwenye begi, akamfuata taratibu, bila haraka, mpaka kijana wa watu akapanda juu ya jiwe akaanza kuita mwalimu. Mwalimu alisimama pale chini akatuambia tuandike: "Mnaona? Hana haraka, lakini anafika. Hiyo ndiyo tabia. Tabia iko miguuni."

Ndipo likaja zoezi la gunia. Alitaka tuchore gunia lisilo na macho, mdomo wala mikono, tulipe miguu miwili tu, na litembee kiasi kwamba akiliangalia ajue ni la namna gani: lina majivuno, lina woga, au limetumwa na mama yake. Na akakataza kubuni. Kila mmoja ajirekodi mwenyewe kwa simu akitembea, kisha achore kutoka kwenye ile video. "Halafu mtie chumvi," akasema. "Hatua ikiwa ndefu, iwe ndefu zaidi. Bega likiyumba, liyumbe zaidi." Nayasema haya mapema ili baadaye mtu asije akaniuliza maswali niliyoulizwa na ukoo mzima.

Lazima niseme kidogo nilivyo. Ana kwa ana mimi ni mpole mpaka inakera. Nikisalimia mgeni, sauti yangu inaishia kwenye kola ya blauzi. Lakini nikishika simu, jamani! Kwenye group la darasa mimi ndiye ninayeanzisha mijadala, ninayewajibu wanaojiona, ninayeandika "hahaha" ndefu hadi watu wanauliza kama niko salama. Tulipofundishwa somo la mawasiliano, mwalimu mwingine alitutuma mtandaoni tukajibu maswali ya kupima haiba. Nikajibu. Majibu yakaja kwamba mimi ni simba, nimezaliwa kuongoza watu. Niliyasoma nikiwa nimejificha chooni kwa sababu nyumbani walikuwa wamekuja wageni.

Na nyumbani kwetu siko peke yangu katika ugonjwa huo. Tunaishi juu ya kilima cha mawe nyuma ya stendi ya Buzuruga: baba, mama, bibi mzaa baba, dada yangu mkubwa na mimi. Baba ni mtu wa maneno machache kabisa, lakini kwenye simu anaandika kwa herufi kubwa tupu, hata akikusalimia unahisi umekosea jambo. Mama anaweza kumwita mtu kutoka jikoni na mtu huyo akasikia akiwa stendi, ila kwenye group hutuma maua tu, asubuhi maua, jioni maua. Shangazi yangu, ambaye anakaa mtaa wa pili lakini chai anakunywa kwetu, hutuma kila kinachomfikia, kiwe dawa ya magoti, kiwe mahubiri, kiwe video ya mbuzi. Bibi pekee ndiye hana simu, na ndiye pekee ambaye ukimjua unamjua.

Dada alikuwa amechumbiwa na kijana wa Magu. Wageni wa upande wa kijana walikuwa wameshakuja kujitambulisha, na mama wa kijana, ambaye ni mfanyabiashara wa mchele, mwanamke mwenye mwili wake na kicheko chake, alikuja na zawadi ya gunia zima la mchele. Lilikuwa gunia zuri, lenye mistari ya bluu, limefungwa kamba nyekundu mdomoni. Vijana waliolipandisha kilimani walilaani mawe yetu yote kwa majina. Likawekwa kwenye korido, na likabaki pale, maana mama alikuwa akiwaonyesha majirani kwanza. Dada alikuwa akipita karibu nalo analigusa kwa kidole, akidhani hakuna anayemwona. Sijawahi kumwona dada na furaha kama ile. Alikuwa anaimba akiosha masufuria, na dada yangu kwa kuimba, Mungu amsamehe.

Sasa, mtu akiambiwa achore gunia, na gunia liko koridoni kwao, atachora gunia gani? Niliegemeza simu kwenye ndoo, nikatembea kutoka mlango wa jikoni hadi sebuleni nikiwa nimebeba dumu la maji, kwa sababu lilikuwa linahitajika kupelekwa huko hata hivyo. Nikachora miguu yangu kutoka kwenye video, nikatia chumvi kama nilivyofundishwa, na juu ya miguu nikaweka lile gunia, na mistari yake ya bluu na kamba yake nyekundu. Likatoka gunia linaloyumba kushoto, kisha linatupa hatua ndefu ya kulia, kisha kwa nyuma linamalizia na katikisiko kadogo ka kujisifu. Linatembea tena na tena bila kuchoka. Nililipenda. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimechora kitu chenye uzito. Simu ilikuwa imejaa, nikaifuta ile video yangu, nikaliweka gunia kwenye status na kuandika: "Natoka Magu, nimechoka."

Maana gunia lilitoka Magu. Ndicho nilichomaanisha, na hadi leo nashangaa kwa nini ni lazima nieleze.

Shangazi aliliona. Akacheka, akalichukua, akataka kulituma kwenye group la wanawake wa ukoo wetu. Badala yake akalituma kwenye group la maandalizi ya harusi, ambamo wamo wa kwetu na wa Magu wote, pamoja na mama wa kijana mwenyewe. Akaweka na vikaragosi vya kulia kwa kicheko, mstari mzima. Halafu akashtuka, akafuta, akapiga simu kwa mama akihema.

"Wifi, nimefanya jambo. Lakini tulia, nimeshafuta. Hakuna aliyeona."

Mama akaniita. Nikafungua group. Gunia lilikuwa pale pale, linayumba kushoto, hatua ndefu, katikisiko. Shangazi alikuwa amebonyeza ile sehemu ya kujifutia mwenyewe. Katika ukoo wote na wakwe wote, mtu pekee ambaye hakuwa analiona tena gunia ni yeye.

"Mbona kwangu halipo?" alikuwa anauliza kwenye spika. "Angalieni vizuri, kwangu halipo!"

"Kwani ni gunia tu," nikasema, sauti ikiishia kwenye kola.

Mama alinitazama, akalitazama gunia, akajishika kichwa. "Gunia la mchele. La Magu. Linatembea vile. Mwanangu, umemchora mama mkwe wa dada yako!"

Hapo ndipo mtu asiye wa kwetu anaweza kuuliza, kwani kuna nini, si utani tu? Ndiyo, lakini utani kwetu una wenyewe. Bibi unaweza kumtania utakavyo. Bibi huniita mke mwenzake, tangu niko mdogo, na tunagombania babu ambaye amelala Misungwi kaburini tangu kabla sijazaliwa. Naweza kumwambia bibi amezeeka vibaya, naye ataniambia mume wetu hakunitaka, na tutacheka wote. Lakini mkwe ni habari nyingine. Mkwe anapishwa njia. Mkwe anaongeleshwa ukiwa umeinamisha macho. Mkwe hachorwi gunia, halafu likapewa na kalio.

Tukasubiri. Hakuna aliyeandika. Group ambalo kila siku lilikuwa na maua ya mama na dawa za shangazi likawa kimya kama darasa siku ya matokeo. Baba akajaribu kuokoa hali, akaandika HABARI ZA JIONI. Alama za bluu zikajaa, wote wamesoma, ila hakuna aliyejibu. Baadaye baba mdogo wa kijana akatuma tangazo lake la vifaranga. Nasi tukalijadili lile tangazo sebuleni kwa muda mrefu sana, kama lina maana iliyojificha.

Ujumbe wa mama wa Magu ulikuja kesho yake asubuhi, mfupi: "Nitakuja Jumamosi. Nina neno."

Dada aliusoma akiwa amesimama kwenye korido. Mtu akisema ana neno, si la kuja kukuuliza hali. Hakulia mbele yetu. Alilivuta lile gunia akalisukumia nyuma ya mlango, akaingia chumbani. Kuanzia hapo hakunisemesha. Akitaka chumvi nilipo mimi, alimwambia mama, mama aniambie. Mchumba wake alimpigia akasema mama yake hataki kulizungumzia, hata chakula anakula ameinamia sahani. Nilikuwa nalala kitanda cha pembeni yake, na ule ukimya wake uliniuma kuliko kama angenipiga. Nilitaka sana dada yangu aolewe na yule kijana. Sikutaka kitu kingine chochote wiki ile.

Kikao kiliitwa. Nikasema ukweli, nilijirekodi mwenyewe, ile ni miguu yangu. Mara ya kwanza hawakusikia. Nikarudia.

"Nyamaza," mama akasema. "Wewe hutembei vile. Mimi nimekuzaa, ningeshaona."

"Video iko wapi?" baba akauliza.

"Niliifuta."

"Aah," wakasema wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya mahakamani.

Baba akaniambia nitembee waone. Nikasimama. Nikavuka sebule mbele ya baba, mama, shangazi na bibi, wote wamekodoa miguu yangu, na nilitembea kama askari wa gwaride aliyevaa viatu vya mwenzake. Mwalimu alishatuambia, mtu akijua anatazamwa, mwendo wake unajificha. Nilitaka kuwaeleza hilo. Nikaliandika kwenye group la darasa badala yake, kwa ufasaha mkubwa, nikapata vidole gumba vingi.

Shangazi ndiye aliyeleta mpango, na kwa kuwa moto aliuwasha yeye, tuliona ana haki. Mpango ulikuwa rahisi: gunia haliwezi kuwa mama mkwe, kwa hiyo lazima liwe mtu ambaye inaruhusiwa kumtania. Na mtu huyo yupo, ameketi pale, anakunywa chai. Tutasema mjukuu alikuwa anamtania bibi yake. Hakuna mkwe duniani atakayekasirika kwa mjukuu kumtania bibi.

Bibi aliweka kikombe chini. Alifurahi kupita kiasi. "Kwa hiyo mimi ndiye gunia? Mke mwenzangu kanichora? Ng'wanawane, mwanangu, nionyeshe nilivyo."

Nikamwonyesha kwenye simu. Akalitazama kwa muda, kisha akatoa hukumu: "Linatembea vibaya. Mimi sitembei hivi hata kidogo. Lakini nitajifunza."

Basi siku zilizobaki nilikuwa mwalimu wa animesheni wa mwanafunzi mmoja. Nilimpanga bibi koridoni, nikamfundisha kila picha: mguu unapogusa chini, mwili unaposhuka, miguu inapopishana, mwili unapopanda. Bibi alikuwa na bidii ya ajabu na hakuna alichoweza. Akikumbuka kuyumba, anasahau kutembea. Akikumbuka hatua ndefu, anaishika ukuta. Kale katikisiko ka mwisho alikapenda mno, akawa anakafanya mfululizo, peke yake, bila hatua yoyote, mpaka mama akalazimika kutoka nje acheke kwa nafasi. Nilimwomba atulie, afuate picha moja moja.

"Mwalimu wako anajua kutembea?" akaniuliza.

Nikamkumbuka yule mtu na gundi yake. Nikamwambia turudie mguu wa kushoto.

Jumamosi mama wa Magu alipanda kilima chetu akiwa na baba mdogo wa vifaranga. Tulimpokea kwa goti, shikamoo mama, marahaba, shikamoo, marahaba. Hakuwa na kile kicheko chake. Dada alikuwa ndani chumbani, kama inavyotakiwa, na najua alikuwa ameweka sikio mlangoni kwa sababu niliona kivuli cha miguu yake chini. Mezani kulikuwa na wali wa ule ule mchele wa gunia, samaki wa kuchemsha na kuku. Mama akamkaribisha.

"Chakula kitangoja," mgeni akasema. "Neno kwanza."

Kwetu, mgeni kukataa kula kabla hajasema si jambo dogo. Baba alikohoa, kisha akakohoa tena, na nikaona kama angekuwa na simu mkononi angeandika kitu kwa herufi kubwa. Shangazi akamkonyeza bibi. Bibi akasimama.

"Kabla ya neno lako," bibi akasema, "ujue lile gunia ni mimi. Huyu hapa ni mke mwenzangu, ananionea wivu. Ona!"

Akaanza safari kutoka kwenye kochi kwenda mlangoni. Akayumba kushoto, akasahau kulia, akayumba tena kushoto, akafanya katikisiko, akakarudia kwa sababu kalikuwa kamekwenda vizuri, akagonga stuli, na vikombe vya chai vikaenda chini vyote. Hakuna aliyecheka. Mama wa Magu aliinuka, akamshika mkono, akamrudisha kwenye kochi taratibu.

"Shikamoo mama," akamwambia. "Naomba ukae, usije ukaumia."

Kisha akageukia wengine, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ilinichoma.

"Ile video ilipoingia nilicheka. Nilicheka kweli! Gunia langu lina miguu! Nikawaonyesha wenzangu pale sokoni, nao wakacheka, nikasema hilo ni gunia nililowapelekea wakwe zangu, wana mtoto ana akili. Nikataka kuandika nimpongeze. Nikasema ngoja kwanza acheke mwingine wenu zaidi ya aliyetuma, nisionekane nina kiherehere ukweni. Nikangoja. Mkanyamaza. Wote. Nikarudi kulitazama tena lile gunia. Nikajiuliza, mbona hawa wanaogopa? Nikajiangalia mimi mwili wangu, nikaangalia gunia. Ndipo nikaelewa mnaniona mimi." Akafuta uso kwa kanga. "Neno langu ni hili. Mwanangu anaoa kwenye nyumba inayonicheka nikiwa sipo?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, limepangika, na kama angekuwa ameuliza kwenye group ningelituma kabla hajaweka simu chini. Nilifungua mdomo. Kikatoka kitu kama pumzi ya mtoto. Kivuli cha miguu ya dada pale chini ya mlango hakikuwepo tena, alikuwa ameacha kusikiliza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mama, ambaye akishindwa na maneno hukimbilia chakula, akaniambia kwa sauti ndogo nilete maji wageni wanawe mikono. Nikaenda jikoni. Nikajaza beseni bila kuangalia kipimo, nikachukua jagi mkono mwingine na taulo begani, nikarudi. Sikuwa nafikiria miguu. Nilikuwa nafikiria maji yasimwagike kwenye kapeti, na dada.

"Simama," mama wa Magu akasema.

Nikasimama katikati ya sebule.

"Rudi mlangoni. Njoo tena."

Nikarudi, nikaja. Sasa nilijua natazamwa, na askari wa gwaride akarudi.

"Siyo hivyo. Usinitazame mimi. Tazama maji."

Nikayatazama maji. Beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na mtu hawezi kujifanya chochote akiwa amebeba beseni la namna hiyo. Nikasikia mwili wangu ukiyumba kushoto. Nikasikia mguu wa kulia ukijitupa mbele. Nilipofika kwa mgeni, nyuma kukajimalizia kwenyewe na kale katikisiko.

Mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya tendo lolote kubwa mwili hujiandaa kwanza, unarudi nyuma kidogo, unavuta pumzi, ndipo linakuja. Nililiona likija. Mama wa Magu aliegemea nyuma kwenye kochi, mashavu yakajaa, mabega yakapanda hadi masikioni. Kisha akakiachia kile kicheko chake, na nadhani walikisikia stendi.

"Gunia hilo!" baba mdogo akapiga kelele, akisimama. "Gunia lenyewe hilo!"

"Nilisema ni mimi," nikasema, na safari hii sauti ilitoka.

"Niliwaambia mimi ndiye gunia," bibi akalalamika kwenye kochi, "sasa mnanipokonya."

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili, ananitazama kama mtu aliyeletewa mtoto mpya. Amenizaa, amenilea, na hakuwahi kuniona. Mama wa Magu akanipa mikono nimnawishe, bado anatikisika, maji yakamwagika kwenye kapeti yote. Akala. Akala na ukoko akauomba. Dada akaitwa atoke asalimie, akatoka amejifunga kanga hadi kidevuni, akapiga goti, na macho yake yalikuwa mekundu.

Jioni tukawasindikiza. Kwetu mgeni haagwi mlangoni, unamshusha hadi barabarani, na aliyeheshimiwa zaidi ndiye anasindikizwa mbali zaidi. Mama wa Magu alitangulia na baba, wakishuka kati ya mawe. Nyuma yao tulifuata bibi, dada na mimi, tumebeba mafurushi ya zawadi kichwani, bibi akisema tena jinsi nilivyomharibia sehemu yake. Nikasikia kelele mbele. Mama wa Magu alikuwa amegeuka, amesimama juu ya jiwe, ameshika simu juu.

"Njooni! Msisimame! Njooni hivyo hivyo!"

Hatukujua anacheka nini. Alitushika mkono dada na mimi tulipofika, akatuonyesha. Tulikuwa watatu kwenye mstari. Bibi mbele, akiwa amesahau kabisa mafunzo yangu yote, anayumba kushoto, hatua ndefu ya kulia, katikisiko. Dada katikati, vile vile. Mimi nyuma, vile vile. Magunia matatu yanashuka kilima cha Buzuruga. Baba alisema ni mawe, mtu akishuka mawe yetu miaka yote lazima atatembea hivyo. Bibi alisema ni damu, kwani mume wetu alimpendea mwendo huo huo. Wamebishana mpaka leo.

Mama wa Magu alikuwa bado ameushika mkono wa dada. "Kumbe ndiyo maana nililipenda lile gunia," akamwambia. "Nilikuwa nimeshazoea kukuona ukinijia hivyo."

Dada akalia pale barabarani, bila kujificha. Mimi pia.

Video ile aliiweka mwenyewe kwenye group tulipokuwa bado tunapandisha kilima. Safari hii walicheka wote, mfululizo, hata watu ambao hatukujua kama wamo. Baba akaandika HAHAHA. Shangazi alitaka kuihifadhi, akabonyeza, akaifuta kwake. Alituuliza kwa wiki nzima mbona kwake haipo.

Mwalimu aliliangalia gunia langu darasani likitembea mara nyingi. Akaniuliza lina tabia ya nani. Nikasimama, nikamweleza yote, mbele ya watu, na niliposema habari za beseni darasa lilikuwa linagonga meza.

Harusi ilifanyika, dada akaenda Magu. Wiki ile nilihangaika na kuomba na kumfundisha bibi kutembea ili dada aolewe, na sikukumbuka hata mara moja kwamba akiolewa ataondoka. Kitanda chake kipo pembeni yangu, mama ameweka nguo za kupigwa pasi juu yake. Gunia limekwisha, korido imebaki wazi. Nikimkumbuka naifungua ile video, naiweka ijirudie, namtazama yule wa katikati akishuka kwenye mawe na kushuka tena, mpaka bibi aniite nikamletee maji.